Kifungo cha Koti la Seu Miro

King'ora cha kiwanda cha nguo cha mji wa Santa Eulália kililia saa kumi na moja na nusu alfajiri, kama kilivyolia tangu kabla Odila hajazaliwa, na kama kila siku Odila alijifanya hakukisikia. Alikuwa na miaka kumi na miwili na tayari alikuwa bingwa wa mambo mawili: kujifanya hasikii, na mpira wa vifungo. La kwanza lilimuudhi mama yake. La pili liliwaudhi wavulana wote wa mtaa.

"Odila! Pini hazijiokoti zenyewe!"

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya asubuhi: kupiga magoti na kuokota pini sakafuni kabla hajaingia mteja mwenye miguu mitupu. Mama yake, Dona Guiomar, yaani Bi Guiomar, alikuwa fundi wa kushona. Zamani alifanya kazi kiwandani, katika chumba cha kusokota nyuzi, mpaka vumbi la pamba likamjaa kifuani akawa anakohoa kama treni inayopanda mlima. Daktari alimwambia achague kati ya kiwanda na mapafu. Alichagua mapafu, akanunua cherehani, na kwa miaka sita mtaa mzima ulivaa kazi ya mikono yake.

Pini zikiisha, Odila alikunywa kahawa kwa mkate wa mahindi, akaenda shule, akarudi, akala wali na maharage meusi, kisha akakimbilia mahali ambapo maisha yenyewe yalianzia, yaani kwenye baraza ya saruji ya kina Gilson, mvulana wa jirani.

Kanuni za mpira wa vifungo hazikuandikwa popote, na ndiyo maana ziliheshimiwa kuliko katiba ya nchi. Kila timu ilikuwa na vifungo kumi. Kipa alikuwa ni kiberiti kilichojazwa mchanga. Mpira ulikuwa kifungo kidogo cha shati, na mchezaji alisukumwa kwa kukandamizwa ukingoni na kipande cha kitana. Lakini sharti kubwa lilikuwa hili: kifungo lazima kiwe kimetoka kwenye nguo iliyowahi kuvaliwa na mtu, na mwenye timu atamke hadharani nguo hiyo ilikuwa ya nani. Mtu aliyeleta kifungo kipya cha dukani alitazamwa kama aliyekuja kanisani na kaptula.

Tena kila kifungo kilipewa jina la mchezaji halisi. Odila alikuwa na washambuliaji watatu hodari, wote kutoka koti la mvua la marehemu babu yake. Alichokosa ni kiungo. Nafasi ya kiungo ilikuwa wazi miezi saba, kwa sababu kiungo wa timu yake lazima aitwe Miro, na hakuwa na kifungo kinachostahili jina hilo.

Waldomiro Peçanha, ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Seu Miro, yaani Bwana Miro, alikuwa amefagia pamba kiwandani akiwa na miaka kumi na minne. Akachezea timu ya kiwanda, akachukuliwa na klabu kubwa ya Rio, akavaa jezi ya Timu ya Taifa mara thelathini na moja, akavuka bahari kwa meli mara mbili, kisha akarudi Santa Eulália kumalizia mpira wake kati ya watu wake. Uwanjani alikuwa akitazama kulia, mpira unakwenda kushoto. Watu walisema hata mkewe hakumwamini alipomtazama machoni. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne, umri ambao mchezaji huanza kuitwa Mzee, kwanza kwa utani, halafu kwa huruma.

Siku ya mechi Seu Miro alitembea kwa miguu kutoka nyumbani hadi uwanjani amevaa koti la kahawia la sufi, amelifunga vifungo vyote vitatu, hata kama jua linakaanga mawe. Alilivaa siku timu ilipotwaa ubingwa wa kwanza, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia alivue. Vifungo vyake vilikuwa vya pembe la ng'ombe, vipana, vizito, vinang'aa.

Jumanne moja alileta koti hilo kwa Dona Guiomar libadilishwe bitana.

"Jumapili nalitaka, Guiomar. Bila hili, Tibúrcio hatafungua mlango wa chumba cha kubadilishia."

"Tibúrcio wenu huyo angeweza kuwa kasisi," alisema Dona Guiomar. Tibúrcio alikuwa mtunza vifaa wa klabu, mtu aliyevuka mstari wa uwanja kwa mguu wa kulia tu, na aliyeficha kitunguu saumu nyuma ya kila goli. "Litakuwa tayari Ijumaa."

Ijumaa lilikuwa tayari. Lilitundikwa ukutani, bitana mpya, limepigwa pasi. Dona Guiomar akatoka kwenda kununua uzi. Odila akabaki na koti. Walitazamana kwa muda.

Alijiambia atagusa tu. Kisha akajiambia atapima tu uzito. Mtu akishafika hapo, mkasi hauko mbali. Alikata kifungo cha katikati, akatafuta kwenye kopo la mama yake kifungo cha mti chenye upana uleule, akakipaka dawa ya viatu ya kahawia mpaka kikang'aa, akakishona kwa mshono alioujua tangu akiwa na miaka saba. Kazi yote haikuchukua robo saa. Ilikuwa kazi safi, na kama angeifanya kwa ajili ya kitu kingine angesifiwa.

Jioni ile alikisugua kifungo cha pembe kwa msasa mpaka upande wa chini ukawa mwembamba, akayaziba matundu yake kwa nta. Jumamosi alikiweka juu ya saruji.

"Hiki nani?" aliuliza Gilson.

"Miro."

"Nguo ya nani?"

"Babu yangu."

Gilson alikigeuza mkononi. "Babu yako alikuwa na makoti mangapi, wewe? Mbona alizikwa na shati tupu?"

"Cheza mpira, wacha kuchunguza maiti za watu."

Odila alishinda mabao sita kwa moja. Manne yalitokana na pasi za Miro.

Jumapili jua lilitoka na hasira. Seu Miro alitembea kama kawaida yake, watoto nyuma yake, mashabiki kando ya njia. Mbele ya lango la uwanja aligusa vifungo vyake, akanyanyua mkono kujifuta jasho, na paji lake la uso likabaki na mchirizi wa kahawia. Dawa ya viatu ilikuwa inayeyuka. Tibúrcio alikishika kifungo cha katikati, akakikwaruza kwa kucha, akarudi nyuma hatua tatu.

"Cha mti!" alipiga kelele. "Wamechukua kifungo chake! Saa hizi kiko makaburini, kimefungwa kwa uzi mwekundu! Nani alilishika koti hili?"

Kila mtu alijua nani alilishika.

Santa Eulália walifungwa mabao matatu kwa sifuri. Pasi za Seu Miro zilikwenda kwa wapinzani kana kwamba walimwandikia barua kuziomba. Kipindi cha pili, katikati ya uwanja, bila kuguswa na mtu, alianguka.

"Mtu anaangukaje peke yake?" watu walisema wakirudi nyumbani. Hilo ndilo lililomaliza ubishi. Mtu aliyeangushwa na beki ameangushwa na beki. Mtu aliyeangushwa na hewa amelogwa.

Jumatatu asubuhi alikuja mama wa bibi harusi wa mtaa wa pili.

"Nipe kitambaa changu, Guiomar."

"Kimeshakatwa, dada. Mikono bado kidogo tu."

"Nipe hivyohivyo. Mwanangu hataolewa na nguo iliyopitia mikono hiyo. Timu ya wapinzani walikulipa nini?"

Dona Guiomar alilikunja gauni lile la nusu, jeupe, akampa. Alasiri walikuja wengine wanne. Jumatano hakuja hata mmoja, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amebakiza kitu cha kuchukua.

"Odila," mama yake aliuliza usiku wa Alhamisi, sauti imechoka, "ile Ijumaa nilipokwenda kununua uzi, uliona mtu yeyote akiingia humu?"

"Hapana, Mama. Hakuingia mtu."

Lilikuwa jibu la kweli kabisa, na ndiyo maana lilimsumbua. Uongo angeusahau. Alilala na kifungo chini ya mto, na ingawa kilikuwa kimesuguliwa chembamba kama ganda la yai, alikihisi usiku kucha.

Wakati huohuo klabu ilimpumzisha Seu Miro mechi moja ili aaguliwe. Tibúrcio alimletea mganga aliyemnywesha maji ya majani na kumfukiza moshi, na Seu Miro akaketi kwa utulivu, akanywa, akafukizwa, akashukuru. Mechi ya mwisho ya ubingwa ilikuwa Jumapili iliyofuata, na ilisemekana wateuzi wa Timu ya Taifa wangekuwa jukwaani.

Karibu wiki mbili bila mteja zilitosha. Alhamisi ya wiki ya pili Odila alimkuta mama yake anaifunika cherehani kwa shuka na kuifunga kwa kamba.

"Kuna mtu wa mji wa jirani ataichukua," alisema Dona Guiomar. "Jumatatu narudi kiwandani. Wamenipa nafasi chumba kilekile."

"Na kifua chako?"

"Kifua kitanyamaza. Sisi sote tutanyamaza."

Odila alitoka bila kuaga. Alikwenda moja kwa moja hadi nyumba ya Seu Miro, maana aliwaza hivi: yeye ndiye aliyemharibia, yeye ndiye mwenye haki ya kumpiga, na akishampiga atawaambia watu, na watu humwamini.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Seu Miro ameketi kwenye kigoda, suruali imekunjwa, mguu wa kulia ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi. Goti lake lilikuwa limevimba kama papai. Juu ya meza kulikuwa na sindano ya dawa, ile ya kioo, na chupa ndogo tupu.

Odila hakuvitazama. Alifumba macho akasema yote kwa pumzi moja: mkasi, kifungo cha mti, dawa ya viatu, msasa, nta. Akakiweka kifungo mezani. "Sikutaka ulogwe. Nilitaka kiungo."

Seu Miro akacheka, kicheko kikubwa kilichoyatikisa maji ya beseni. Kisha akaacha ghafla, kama mtu aliyekumbuka msiba.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna. Mama nitamwambia leo."

"Usimwambie. Subiri mpaka Jumapili ipite."

Odila alifumbua macho. "Kwa nini, Seu Miro?"

"Sikiliza, binti. Mimi sikulogwa na kifungo chako. Goti hili limekufa miaka mitatu sasa. Mfamasia mmoja hunichoma sindano kila Jumapili asubuhi, nacheza dakika sitini nisijue nina mguu. Siku ile ya koti dawa iliisha mapema. Watu wakijua hakuna uchawi, watauliza, basi alianguka kwa nini? Daktari wa klabu atalitaka goti. Na daktari akiliona goti hili, mimi ni mtu wa kuuza bahati nasibu kituoni." Alimtazama usoni, moja kwa moja, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na hila katika macho yale, ila hofu tu. "Mechi moja. Wakiniita tena Timu ya Taifa, mwenyewe nitakwenda kwa mama yako, nitamlipia yote."

"Jumatatu anarudi kiwandani."

"Najua chumba kile. Tulianza naye siku moja." Akautazama mguu ndani ya beseni. "Mechi moja tu."

Odila alikuwa amekwenda kutafuta mtu wa kumwadhibu, akarudi na mshirika. Njia nzima alitembea akitazama miguu yake. Alikuwa amedhani yeye ndiye mwoga pekee katika Santa Eulália, na kugundua kwamba ana mwenzake, tena mwenye mechi thelathini na moja za Timu ya Taifa, hakukumpa faraja yoyote. Kulimfanya ahisi kwamba hakuna mtu mzima aliyesimama imara popote.

Alipofika nyumbani alimwambia mama yake. Hakubakiza hata nta.

Dona Guiomar hakumpiga. Aliketi juu ya cherehani iliyofungwa kamba kama mtu anayesubiri treni, akakohoa kidogo. Hatimaye alisema, "Siku kumi na tatu umeniangalia."

"Ndiyo, Mama."

"Jumapili utasimama uwanjani useme. Mimi sitasema. Nikisema mimi ni kelele za mchawi."

Basi Jumapili Odila alisimama katikati ya njia, mbele ya lango, na umati ulipokaribia na Seu Miro akiwa mbele na koti lake, akapaza sauti: "Kifungo nilikichukua mimi! Mama yangu hakujua! Hakuna uchawi!"

Umati ulisita. Tibúrcio ndiye aliyejibu.

"Mnaona? Amemtuma mtoto! Mwanamke huyo hana hata aibu ya kuja mwenyewe!"

"Mtoto wa nyoka!" mtu alisema.

"Kifungo kiko wapi basi?" Gilson aliuliza kutoka juu ya ukuta, na kwa hakika alitaka kumsaidia.

"Kwake! Nilimpa Seu Miro! Muulizeni!"

Nyuso zote zikageuka. Ilikuwa zamu ya mtu mmoja kusema neno moja. Seu Miro alimtazama Odila. Kisha akatazama upande mwingine.

"Twendeni," alisema. "Tunachelewa."

Wakampita Odila kushoto na kulia kama maji yanavyopita jiwe. Mtu alimtemea mate karibu na kiatu. Alibaki njiani peke yake na ukweli wake, ambao hakuna aliyeutaka hata bure.

Hakuingia uwanjani. Alirudi nyumbani akaketi sakafuni karibu na mama yake, na kutoka huko waliisikia mechi kama inavyosikika mvua ya mbali: kelele, kelele kubwa zaidi, kisha kimya cha watu elfu nne kwa pamoja. Kimya hicho hakikuisha. Dakika ya ishirini na mbili, goti la Seu Miro lilikuwa limejikunja upande ambao goti halikunjiki, na alitolewa juu ya ubao wa mlango.

Jumatatu mtu wa mji wa jirani hakuja kuchukua cherehani, ila king'ora kililia, na Dona Guiomar akaenda kiwandani. Alirudi jioni na pamba kwenye nyusi, akakohoa mpaka usiku. Jumanne vilevile. Odila aliokota pini ambazo hazikuwepo.

Jumatano alasiri, saa ambayo wanawake hupanga ndoo kwenye bomba la maji mbele ya nyumba yao, Seu Miro alikuja kwa magongo, Tibúrcio akimbebea kiti. Mguu ulikuwa umefungwa plasta kutoka kiunoni hadi kwenye vidole. Hakukalia kiti. Dona Guiomar alikuwa ndiyo kwanza anarudi kazini, na wote walisimama pale barabarani kana kwamba wamepangwa.

"Jamani, sikulogwa," alisema Seu Miro kwa sauti ya uwanjani. "Goti lilikuwa bovu miaka mitatu. Nilichomwa sindano nikalificha. Kifungo alikichukua mtoto kuchezea, akaja akaniambia mwenyewe, nami nikamwomba afunge mdomo. Jumapili alisema kweli mbele yenu, nikamwacha. Guiomar hakufanya lolote. Ni mimi niliyemrudisha kwenye pamba."

Tibúrcio alikitazama kiti alichokibeba kama ndiyo mara yake ya kwanza kukiona.

"Na goti?" aliuliza mama wa bibi harusi taratibu.

"Daktari anasema lingepasuliwa mapema lingepona kwa miezi miwili. Sasa halitakunjika tena." Akamgeukia Dona Guiomar. "Nisamehe."

Dona Guiomar alijifuta pamba usoni kwa mgongo wa mkono. Alikohoa kwanza, kwa sababu kifua hakingoji hotuba.

"Nashukuru umekuja, Miro. Nitakusamehe, nipe muda. Lakini usinipe hiyo kama zawadi. Umesema leo kwa kuwa leo huna tena cha kupoteza. Huyu," akamwekea Odila mkono kichwani, mkono mzito, "alisema siku ambayo ilimgharimu mtaa mzima."

Odila alianza kuinua kichwa. Mkono ukakibonyeza chini tena.

"Nawe usivimbe. Ulikaa kimya siku kumi na tatu, na kila siku niliibeba mimi. Hivyo ndivyo ilivyo, mwanangu, sikiliza na ushike: kosa likifichwa halikai limelala. Linamtafuta mtu mwingine wa kumuumiza, na kwa kawaida linampata yule asiyejua lolote. Goti lake hivyohivyo, na kifungo chako hivyohivyo. Ukikosea, sema siku ileile. Ukiumwa mahali, onyesha siku ileile. Kesho hujui utamkuta nani amelipa."

"Ndiyo, Mama."

Mama wa bibi harusi aliweka ndoo yake chini. Alikwenda kwake na kurudi na gauni jeupe limekunjwa vilevile kama alivyolichukua, na hakuweza kumtazama Dona Guiomar alipokuwa akimkabidhi.

"Harusi Jumamosi," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi tumechelewa," alisema Dona Guiomar. "Odila, fungua kamba hizo. Na usitoke nje mpaka Pasaka, utakunja pindo."

Ilikuwa mwezi wa Agosti. Odila alihesabu miezi kimoyomoyo, akaona ni haki, akaingia ndani kufungua kamba.